Ngozi Yenye Vitundu: Kisa cha Nyuzi za Polisalfoni na Mpira Uliozitibu

Mwaka 1980 kampuni ya kemikali ya Monsanto ya Marekani ilianza kuuza mtambo wa kutenganisha gesi uliopewa jina la Prism. Kwa nje mtambo huo ulikuwa bomba nene la chuma, na ndani yake zilipangwa maelfu ya nyuzi za plastiki, kila uzi ukiwa na uvungu katikati kama mrija. Nyuzi zilitengenezwa kwa polima iitwayo polisalfoni, na zote zilikuwa na kasoro moja iliyojulikana vizuri kwa waliozitengeneza: ngozi ya nje ya uzi, ambayo ndiyo iliyotegemewa kutenganisha gesi, ilikuwa na vitundu. Badala ya kuhangaika kuviondoa, waliipaka ngozi hiyo mpira wa silikoni, kitu ambacho kwa upande wa kutenganisha haidrojeni na naitrojeni ni dhaifu mno. Hata hivyo uzi uliopakwa ulitenganisha gesi karibu sawa na polisalfoni kamili isiyo na tundu hata moja.

Matokeo hayo yanaonekana kama kinyume cha mantiki, na ndiyo sababu nimekichagua kisa hiki. Tunapozungumzia tando za polima mara nyingi tunaanza na kemia: polima ipi, ina vikundi gani, inapitisha gesi ipi. Kisa cha Prism kinatulazimisha kuanza na umbo, kwa sababu polima ni ile ile kabla na baada ya tiba, ilhali utendaji wake umebadilika mara kadhaa.

Gesi inavyopita pasipo na tundu

Mwanakemia Mskoti Thomas Graham alieleza mwaka 1866 kwamba gesi haivuki mpira kama maji yanavyovuka chujio. Gesi humumunyika katika uso mmoja wa mpira, husafiri ndani yake kwa difyusheni, kisha hutoka upande wa pili. Alipoivuta hewa ya kawaida ipite kwenye utando mwembamba wa mpira kuelekea ombwe, alipata gesi yenye oksijeni zaidi ya asilimia 41, ilhali hewa tunayovuta ina asilimia 21. Aligundua pia jambo ambalo kisa hiki kizima kimejengwa juu yake: unene wa utando hubadili kasi ya gesi kupita, lakini haubadili mchanganyiko wa gesi inayotoka. Kwa maneno mengine, ukiweza kuufanya utando kuwa mwembamba mara 500, unapata gesi mara 500 zaidi kwa eneo lile lile, na ubora wa utenganishaji hausogei. Sharti ni moja tu, kwamba utando usiwe na tundu.

Polisalfoni, iliyoingizwa sokoni na Union Carbide mwaka 1965, si mpira. Katika joto la kawaida minyororo yake imekaza kama kioo, na inaanza kulegea ikikaribia nyuzijoto 190 za Selsiasi. Kati ya minyororo iliyokaza hivyo mna nafasi ndogo sana zinazofunguka na kufunga, na molekuli hurukia nafasi moja hadi nyingine kadiri zinavyofunguka. Molekuli nyembamba hupata mlango mara nyingi, ile nene kidogo husubiri. Kipenyo cha haidrojeni kinachohusika hapa ni nanomita 0.289, cha oksijeni 0.346 na cha naitrojeni 0.364, tofauti ambazo hakuna chujio la kawaida linaloweza kuzitambua, lakini minyororo ya polisalfoni huzitambua vizuri.

Kipimo cha upenyezaji wa polima huitwa Barrer, kwa heshima ya mwanakemia Richard Barrer. Polisalfoni hupitisha haidrojeni kwa takriban Barrer 14, oksijeni 1.4 na naitrojeni 0.25. Ukigawanya namba moja kwa nyingine unapata uteuzi, yaani gesi moja hupita kwa wepesi mara ngapi kuliko nyingine: haidrojeni dhidi ya naitrojeni ni 56, na oksijeni dhidi ya naitrojeni ni 5.6. Mpira wa silikoni hupitisha haidrojeni kwa Barrer 650, oksijeni 600 na naitrojeni 280. Ni mkarimu kupita kiasi, na uteuzi wake wa haidrojeni dhidi ya naitrojeni ni 2.3 tu. Namba hizi mbili, 56 na 2.3, msomaji azishike, kwa kuwa tutazirudia.

Jinsi ngozi inavyozaliwa

Filamu ya polisalfoni ambayo mtu anaweza kuimimina mwenyewe juu ya kioo katika maabara ina unene wa maikromita 50 hivi. Kwa unene huo haidrojeni hupita kwa kasi ya vizio 0.28 (kizio nitakachotumia, ambacho wahandisi hukiita GPU, ni Barrer moja kugawanya kwa maikromita moja). Kasi hiyo haiendeshi kiwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya DuPont ilijaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kusokota nyuzi nyembamba mno za poliesta, ili eneo kubwa liingie katika nafasi ndogo. Lakini ukuta wa uzi wote ulikuwa mango, bila ngozi ya pekee, na gesi iliyopita haikutosha kulipia gharama.

Njia iliyofaa ilikuwa imeshapatikana upande wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Karibu na mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando wa selulosi asetati ambao sehemu kubwa ya unene wake ilikuwa kama sifongo, na juu yake tu palikuwa na ngozi nyembamba iliyoshikamana. Sifongo hubeba mzigo wa mgandamizo, ngozi huchuja. Ngozi na sifongo ni kitu kimoja, vimetokana na mmumunyo mmoja kwa tendo moja.

Tendo lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Polisalfoni huyeyushwa katika kimumunyishi hadi inakuwa uji mzito, kisha uji husukumwa kupitia tundu lenye umbo la pete, huku kimiminika kingine kikipita katikati ili uvungu usizibe. Uzi unaotoka bado ni laini na unang'aa. Hushuka hewani umbali mfupi na kuzama katika maji. Maji hayapatani na polisalfoni, bali yanapatana na kimumunyishi, kwa hiyo kimumunyishi hukimbilia nje na maji huingia, na polima iliyobaki bila mwenyeji wake huganda. Uzi uliokuwa unapitisha mwanga huwa mweupe ghafla, na weupe huo ni ishara kwamba ndani yake vimejitokeza vitundu vingi vinavyotawanya nuru. Juu kabisa, ambako kimumunyishi kilikwisha kupungua kabla ya maji kufika au kilitoka kwa haraka zaidi, polima ilikuwa imesongamana, na huko ndiko ngozi inakotokea, ikiwa na unene wa takriban maikromita 0.1. Ukiukata uzi na kuuangalia kwa hadubini ya elektroni, unaona sifongo inayozidi kubana kadiri unavyokaribia ukingo, hadi mahali ambapo jicho haliwezi tena kutofautisha tundu na mango.

Ikiwa maji yataingia kwa pupa, chini ya ngozi hutokea mapango marefu yenye umbo la vidole. Kwa gesi ya mgandamizo mkubwa mapango hayo ni hatari, kwa kuwa ngozi iliyo juu yake haina kitu cha kuiegemea na hupasuka. Ikiwa maji yataingia polepole, ngozi huwa nene na kasi hupungua. Mtengenezaji yuko kati ya mambo hayo mawili, na nafasi anayobaki nayo ni finyu: kila hatua ya kuifanya ngozi kuwa nyembamba zaidi huongeza uwezekano wa mahali pamoja hapa na pale ambapo minyororo haikukutana. Hapo ndipo kitundu kinapobaki.

Sehemu moja ya milioni

Kitundu kimoja kina madhara gani? Hesabu zifuatazo ni zangu, na zimerahisishwa: nimechukua upenyezaji uliopimwa kwenye filamu nene, nikaiwekea ngozi unene wa maikromita 0.1, na nikadhani kila kitundu kina nusu kipenyo cha nanomita 1. Namba halisi za uzi fulani zitatofautiana, lakini uwiano kati yake haudanganyi.

Ngozi kamili ya unene huo hupitisha haidrojeni kwa vizio 140 na naitrojeni kwa vizio 2.5. Ndani ya kitundu mambo ni tofauti kabisa. Kipenyo chake ni kidogo kuliko mwendo ambao molekuli ingeufanya kabla ya kugonga mwenzake, kwa hiyo molekuli hugonga kuta tu, na kinachoamua ni wepesi wa molekuli yenyewe. Haidrojeni hupita haraka kuliko naitrojeni mara 3.7, ambayo ni kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito wao. Kasi ya naitrojeni katika kitundu hicho, kwa eneo lile lile, ni kama vizio milioni 3.8. Polisalfoni iliyo kando yake hupitisha 2.5.

Sasa tuseme vitundu vinachukua sehemu moja ya milioni ya eneo la ngozi. Katika mita mraba moja hiyo ni milimita mraba moja, ingawa imegawanyika katika vitundu zaidi ya bilioni 300. Vitundu hivyo vinaongeza naitrojeni kwa vizio 3.8, yaani zaidi ya yote inayopita kwenye ngozi iliyobaki. Jumla ya naitrojeni inakuwa 6.3 na ya haidrojeni 154. Uteuzi umeshuka kutoka 56 hadi 24. Vitundu vikiongezeka na kufikia sehemu moja ya laki moja, uteuzi ni 7. Vikifika sehemu moja ya elfu kumi ni 4.1, na kufikia hapo polisalfoni imeacha kufanya kazi, kinachoonekana ni tabia ya vitundu peke yake, na mtu angeweza kutumia plastiki yoyote ile.

Mama anayekamua tui akiona kifumbu kina tundu moja hulibana kwa kidole, akaendelea, kwa kuwa machicha yanayopenya hapo ni machache ukilinganisha na tui lote. Utando wa gesi hauna bahati hiyo, na sababu ni pengo kubwa mno kati ya njia ya kawaida na njia ya tundu: tofauti ni zaidi ya mara milioni moja. Ndiyo maana ngozi iliyofaa kwa maji ya bahari haikuwa lazima ifae kwa gesi. Na ndiyo maana watu wengi waliotaka kuuleta ugunduzi wa Loeb na Sourirajan katika gesi waliamini kwamba kazi yao ni kutafuta namna ya kusokota uzi usio na tundu, sharti ambalo kwa kilomita nyingi za nyuzi katika kila bomba lilikuwa gumu mno.

Tiba

Jay Henis na Mary Tripodi wa Monsanto waliliangalia swali kwa namna nyingine, na katika makala zao za mwaka 1980 na 1981 waliliwasilisha kama saketi ya umeme. Gesi ni mkondo, tofauti ya mgandamizo ni volti, na kila sehemu ya utando ni ukinzani. Ngozi na vitundu ni ukinzani mbili zilizo sambamba, na mkondo hufuata njia nyepesi. Huhitaji kuiondoa njia nyepesi. Inatosha kuiwekea ukinzani ndani yake.

Namna ya kufanya hivyo ilikuwa rahisi kiasi kwamba wengine lazima walijiuliza kwa nini hawakuianza wao. Silikoni ya aina ya Sylgard 184 huchanganywa kwa kiwango kidogo katika kimiminika chepesi kama pentani, ambacho hakiyeyushi polisalfoni. Nyuzi huloweshwa humo huku ombwe likivuta kutoka kwenye uvungu wa ndani. Kila mahali palipo na kitundu, ombwe huvuta mmumunyo hadi mlangoni pake, na molekuli ndefu za silikoni hukwama hapo. Pentani hupaa, silikoni hujifunga yenyewe kwa yenyewe, na juu ya uzi hubaki tabaka jembamba la mpira lenye mizizi ndani ya vitundu.

Nikirudia hesabu kwa ngozi ile ile yenye vitundu vya sehemu moja ya milioni, nikipaka silikoni ya unene wa maikromita 1, naitrojeni inayopita kwenye kitundu kilichojaa mpira ni vizio 2,800 badala ya milioni 3.8. Ukizidisha kwa sehemu moja ya milioni, mchango wa vitundu vyote ni 0.003, namba ambayo mbele ya 2.5 haina usemi. Baada ya kuhesabu pia ukinzani wa tabaka la juu, haidrojeni inapita kwa vizio 115, naitrojeni kwa 2.48, na uteuzi umepanda kutoka 24 hadi 46. Ngozi mbovu zaidi, ile iliyokuwa na uteuzi wa 7, nayo inarudi 46. Hata ile ya 4.1, ambayo mtu angeitupa, inarudi 42.

Je, mpira wenye uteuzi wa 2.3 unawezaje kuuponya utando uwe na uteuzi wa 46? Jibu ni kwamba mpira haukuajiriwa kutenganisha. Mahali pake katika mpangilio wa kasi ndipo penye siri. Naitrojeni hupita katika silikoni kwa wepesi wa zaidi ya mara 1,100 kuliko katika polisalfoni, na hupita katika kitundu kilicho wazi kwa wepesi wa zaidi ya mara 1,300 kuliko katika silikoni. Silikoni imekaa karibu katikati kabisa ya pengo lile la mara milioni. Kwa kitundu ni kizibo kizito, kwa ngozi ni shuka jepesi. Kama wangepaka kitu kinachopitisha gesi kidogo zaidi, polima ya kioo kwa mfano, vitundu vingezibika vizuri lakini tabaka la juu lingekuwa ndilo utando mpya, na kasi ingekufa. Wangepaka kitu kinachopitisha zaidi kwa mbali, vitundu visingezibika vya kutosha. Chaguo la silikoni lilitokana na namba hizi, halikuwa la kubahatisha.

Bei ya tiba ipo, na inalipwa na gesi yenye mbio. Kati ya uteuzi wa asili wa 56 na ule wa 46, pointi 10 zimepotea kwa sababu tabaka la mpira linaizuia zaidi haidrojeni, ambayo tayari ilikuwa nyepesi, kuliko linavyoizuia naitrojeni, ambayo ilikuwa imeshazuiwa na ngozi. Silikoni ikiwa nene maradufu, haidrojeni hushuka hadi 98 na uteuzi hadi 40. Kwa hewa hasara hiyo karibu haionekani: oksijeni dhidi ya naitrojeni hushuka kutoka 5.6 hadi 2.8 kwa sababu ya vitundu, na tiba huurudisha uteuzi hadi 5.5. Mhandisi anayejua hili hafurahii kuona tabaka la mpira "lililo salama zaidi".

Kwa nini amonia

Monsanto ilizijaribu nyuzi hizi kwanza katika viwanda vyake yenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1970, na soko lililokuwa wazi zaidi lilikuwa viwanda vya amonia. Katika mzunguko wa kutengeneza amonia, haidrojeni na naitrojeni huzungushwa tena na tena juu ya kichocheo, na gesi zisizoshiriki, hasa argoni na methani, hujilimbikiza. Ili zisijae, sehemu ya gesi hutolewa nje bila kukoma, na ndani ya gesi hiyo zaidi ya nusu ni haidrojeni iliyotengenezwa kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi iliishia kuchomwa kama kuni.

Kwa utando wa polisalfoni hiyo ilikuwa zawadi. Gesi inatoka ikiwa na mgandamizo wa zaidi ya mara 100 ya ule wa hewa ya kawaida, kwa hiyo hakuna kompresa ya kununua ili kuisukuma ipite, na gesi inayotakiwa ndiyo ile ile inayopita haraka kuliko zote. Gesi huingizwa nje ya nyuzi, haidrojeni huvuka na kutoka kupitia uvungu, na kurudishwa kwenye kompresa za kiwanda. Kabla ya hapo amonia iliyosalia huoshwa kwa maji, kwa kuwa nyuzi haziivumilii. Sifongo iliyo chini ya ngozi ndiyo inayolipa deni hapa: uzi unabanwa kutoka nje, na kama chini ya ngozi kungekuwa na yale mapango ya vidole, ungebonyea. Tena sifongo hiyo inapaswa kuwa wazi kiasi cha kutoongeza ukinzani wake wenyewe, kwa kuwa ukinzani wowote usiochagua, popote ulipo, huila haidrojeni kwanza, sawasawa na lilivyofanya tabaka la mpira.

Polisalfoni ilikuwa na faida nyingine ambayo haizungumzwi sana. Utando wa selulosi asetati ukikaushwa moja kwa moja kutoka majini, nguvu za uso wa maji huvuta kuta za vitundu na sifongo hubonyea, ndiyo maana maji yake hubadilishwa kwanza kwa alkoholi na baadaye kwa kimiminika kama heksani. Minyororo ya polisalfoni ni migumu na haipendi maji, hivyo uzi wake hustahimili kukaushwa vizuri zaidi. Katika kiwanda kinachosokota nyuzi usiku na mchana, kuruka hatua mbili za kubadilisha vimiminika si jambo dogo.

Chini ya ngozi, ndani ya mnyororo

Tundu likishatibiwa, ukomo unaobaki ni wa polima yenyewe, na hapo kemia inarudi mezani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walilinganisha polisalfoni na ndugu zake wanaotofautiana kwa vikundi vya methili tu, yaani vijitawi vya kaboni moja na haidrojeni tatu. Ukiweka methili nne kwenye pete za benzini, mbili kwa kila pete na kwa ulinganifu, minyororo husukumana mbali na wakati huohuo hushindwa kujizungusha kwa urahisi. Oksijeni hupanda kutoka Barrer 1.4 hadi 5.6, na uteuzi dhidi ya naitrojeni haushuki sana, kutoka 5.6 hadi 5.3. Ukiweka mbili tu, moja kwa kila pete, ulinganifu huvunjika, minyororo hujipanga kwa kubanana zaidi, na oksijeni hushuka hadi 0.64 huku uteuzi ukipanda hadi 7.0. Methili ni zile zile. Idadi na mahali zilipokaa vimegeuza matokeo kuelekea pande mbili zinazopingana.

Mwaka 1991 Lloyd Robeson alikusanya vipimo vya polima nyingi na kuonyesha kwamba zote hukaa chini ya mstari mmoja: kadiri polima inavyopitisha gesi kwa wingi ndivyo inavyopoteza uteuzi. Polisalfoni haiukaribii mstari huo kwa namna ya kujivunia. Ilishinda sokoni kwa sababu ilisokoteka, ilikauka, ilihimili mgandamizo na iliweza kutibiwa. Binafsi naona hili ndilo linalosahauliwa zaidi katika makala zinazotangaza polima mpya kwa nukta moja iliyowekwa juu ya mstari wa Robeson, nukta iliyopimwa kwenye filamu nene ya ukubwa wa sarafu.

Filamu nene inaficha jambo lingine. Polima ya kioo haijatulia. Minyororo yake iligandishwa kabla haijapangika, na huendelea kujisogeza kidogo kidogo na kupunguza nafasi zilizo kati yake. Kundi la Donald Paul, huko huko Austin, lilionyesha katika miaka ya 2000 kwamba filamu za polisalfoni zenye unene wa chini ya maikromita moja huzeeka haraka kuliko zile nene, na upenyezaji wake hupungua siku baada ya siku. Kwa hiyo vizio 140 nilivyovitumia hapo juu ni vya ngozi changa. Ngozi ya miezi kadhaa itatoa pungufu, na uteuzi wake utakuwa umepanda kidogo.

Kizazi cha pili cha nyuzi za Monsanto, kupitia tawi lake la Permea, kililenga nafasi hizo hizo. Robert Kesting na wenzake walieleza mwaka 1990 jinsi walivyochanganya asidi ya propioniki na kimumunyishi cha polisalfoni ili viungane kwa muda katika uji, kisha vitengane mara uzi unapogusa maji. Molekuli kubwa za muungano huo zilishikilia nafasi kati ya minyororo hadi dakika ya mwisho, na ngozi iliganda ikiwa na nafasi zaidi kuliko kawaida. Ilikuwa imebana juu na kuachia taratibu kuelekea ndani. Kasi ilipanda bila kupoteza uteuzi, na polima haikubadilishwa hata kwa atomu moja. Silikoni iliendelea kupakwa.

Mahali tiba inapokoma

Mwaka 2004 Peter Budd na Neil McKeown wa Manchester walitangaza polima iitwayo PIM-1, ambayo mnyororo wake umepindwa na kukakamaa kiasi kwamba hauwezi kujaza nafasi iliyo karibu nao. Upenyezaji wake wa haidrojeni uliripotiwa kuwa Barrer 1,300, na wa naitrojeni 92. Tuichukulie kama tulivyoichukulia polisalfoni: ngozi ya maikromita 0.1, na juu yake silikoni ya maikromita 1. Ngozi peke yake ingepitisha haidrojeni kwa vizio 13,000 na naitrojeni kwa 920, uteuzi 14. Lakini silikoni ya juu hupitisha haidrojeni kwa 650 tu. Vikiwekwa pamoja, haidrojeni inapita kwa 619 na naitrojeni kwa 215, na uteuzi unaotoka ni 2.9, karibu sawa na wa mpira wenyewe. Shuka jepesi limekuwa ukuta, na ngozi ya thamani iliyo chini yake haina tena neno la kusema.

Kupunguza unene wa silikoni hadi maikromita 0.1 hakutoshi, kwa kuwa hapo mpira na ngozi vinakuwa na ukinzani unaokaribiana, na tabaka jembamba hivyo halina hakika ya kufunika kila kitundu. Zipo polima zinazopitisha gesi kuliko silikoni ambazo zingeweza kushika nafasi ya kizibo, lakini nyingi kati yake ni za kioo na huzeeka haraka zikiwa nyembamba. Kwa polima za aina hii imebidi kurudi kwenye kazi ambayo Henis na Tripodi waliikwepa, ya kuigandisha ngozi isiyo na tundu tangu mwanzo. Ingo Pinnau na William Koros walionyesha karibu na mwaka 1990 kwamba kwa polisalfoni inawezekana: ukipuliza hewa juu ya filamu kwa muda mfupi kabla ya kuizamisha, kimumunyishi chepesi hutoka juu kwanza, polima husongamana kabla maji hayajafika, na ngozi ya chini ya maikromita 0.1 hutoka ikiwa kamili bila mpira wowote. Kufanya hivyo kwenye filamu bapa ya maabara ni jambo moja, na kulifanya kwenye uzi unaoshuka kutoka kwenye pete kwa kasi ya kiwanda, ambako muda wote wa kuwa hewani haufiki hata sekunde moja, ni jambo jingine.